Sixbert Kisogo na Upande wa Kushoto

Waliomwona Sixbert Luambano akicheza mpira wa kikapu hawakumwita kwa jina la ubatizo. Walimwita Kisogo. Jina hilo alilipata Dar es Salaam, alipokuwa akichezea timu ya shirika moja la umma. Siku moja alitoa pasi nyuma ya mgongo, ikatua mkononi mwa mwenzake bila yeye kugeuka, na mtangazaji wa redio akapaza sauti: “Jamani wasikilizaji, huyu bwana anaona kwa kisogo!” Jina likafika Songea kabla yake.

Alikuwa gadi, yule mchezaji mfupi anayeupandisha mpira kutoka nyuma na kuugawa kwa wenzake. Warefu kazi yao ni kuruka na kufunga. Gadi kazi yake ni kuona. Sixbert aliona nani amechoka, nani ameachwa peke yake, nani anataka kukimbia kabla mwenyewe hajajua kama anataka. Wapinzani walisema kumkaba Kisogo ni sawa na kumkaba mtu aliyekwisha kusoma mawazo yako.

Lakini alikozaliwa kuona hakukuwa mali ya kudumu. Litundila ni kijiji kando ya mto, mahali maji yanapoporomoka juu ya mawe, na huko watu wazima wengi walikuwa vipofu. Mtu alifika umri fulani akaanza kutembea na mkono mmoja mbele, kama anayetafuta mlango gizani. Baba yake, mzee Athanasi, alianza kwa kuwashwa. Alijikuna kwa gunzi la mahindi mpaka ngozi ikatoka unga. Kisha miguu yake, kuanzia chini ya magoti, ikaota madoa meupe, yakatapakaa kama ya chui. Kisha akaacha kutoka jioni. Mwisho akawa anaona kama mtu anayechungulia ndani ya mwanzi, mbele tu, na mwanzi wenyewe ukazidi kuwa mwembamba, hata siku moja mkewe alipompa sahani ya ugali akauliza, “Mmezima taa?” Ilikuwa adhuhuri.

Wapo waliosema mto unadai chake. Wapo waliotaja majirani. Wale nzi wadogo weusi waliouma miguu kwenye maporomoko, usubi, walikuwa kero tu kama kero nyingine. Nani angedhani mdudu mdogo namna ile ana uwezo wa kuchukua macho ya mtu mzima?

Sixbert aliondoka Litundila akiwa bado shule ya msingi. Mjomba wake Fransisko alimchukua akae naye mjini, akasome shule ya misheni. Pale shuleni palikuwa na uwanja wa saruji uliotandazwa mahindi wakati wa mavuno. Mahindi yakiisha kuanikwa, ulifagiliwa, na watoto wakaruhusiwa kucheza mpira wa kikapu. Hapo ndipo mwili wake mfupi ulipopata kazi. Alijihesabu ameponyoka. Hata hivyo kila likizo alirudi kijijini kulima bonde la baba yake, na kila likizo alioga mtoni na usubi wakamuuma kama walivyowauma wengine.

Miaka ya Dar es Salaam ilikuwa mizuri ilipokuwepo. Shirika lilimpa kazi ya stoo ambayo hakuifanya sana, na jioni mazoezi. Kisha ikaja ile miaka ambayo kila kitu cha serikali kilikuwa kinauzwa, kinavunjwa au kinasubiri mnunuzi. Shirika likapunguza watu, na timu ikawa ya kwanza kukatwa. Sixbert alirudi Songea na begi la jezi, akajenga vyumba vitatu Mshangano, akamwoa Noela, fundi cherehani mwenye kibanda karibu na soko. Akalima mahindi. Jina la Kisogo likabaki mdomoni mwa watu tu.

Ndipo akatokea Bashiru.

Bashiru alikuwa mfanyabiashara wa mawe kutoka Tunduru. Wakati ule Tunduru ilikuwa imewaka moto. Watu walichimba mtoni na mashambani, wageni wakaja kutoka Bangkok na Sri Lanka, wakakaa kwenye vibanda na taa zao ndogo, wakinunua vito. Bashiru alikuwa amewatangulia wengi. Siku moja gari lake lilisimama Mshangano mbele ya nyumba ya Sixbert, akashuka mtu mnene mpole mwenye kanzu safi, akaomba maji ya kunywa, akaketi kwenye kigoda.

“Mwenyezi Mungu kanipa mawe,” alisema. “Nami nataka kuwapa watu wa kusini kitu cha kujivunia. Nataka timu ya mpira wa kikapu. Mchezaji alipwe kwa kucheza, asifanye kazi nyingine. Enzi za kupewa kazi ya stoo kwa jina zimekwisha. Sasa kila mtu na soko lake. Wewe utakuwa gadi wangu.”

Timu ikaitwa Yakuti. Songea haikuwahi kuona mtu anayelipwa kwa kudunda mpira, na watu walikuja kuwatazama hata kwenye mazoezi. Yakuti walicheza Namtumbo, Tunduru, Masasi, Mtwara, wakarudi na ushindi. Sixbert alikuwa amepita miaka thelathini, lakini mkono haukuwa umesahau. Watoto wa mjini wakaanza kutoa pasi za nyuma ya mgongo kwa machungwa ya mama zao.

Msimu wa pili ndipo kikombe kilipoanguka.

Ilikuwa asubuhi. Noela aliweka chai upande wa kushoto wa meza, mahali alipoiweka siku zote. Sixbert alinyoosha mkono kuchukua muhogo, kikombe kikaruka kikavunjika.

“Umekiweka pembeni mno,” alisema.

Noela alitazama meza, kisha akamtazama mumewe. Alichukua ufagio.

Wiki hiyohiyo, mazoezini, pasi ilitoka kushoto ikampiga sikioni. Wenzake wakacheka. “Leo kisogo kimelala!” Naye akacheka nao. Alipofika nyumbani aliingia bafuni, akafunga mlango wa bati, akanyoosha mkono wa kushoto pembeni kabisa, kidole juu. Kisha akauleta mbele polepole, macho yake yakitazama ukutani. Kidole hakikuwepo. Hakikuwepo. Halafu kikatokea ghafla, karibu kabisa na pua, kama mtu aliyekuwa amejificha nyuma ya mlango.

Alirudia kwa mkono wa kulia. Kule kulikuwa na nafuu.

Alisimama mle bafuni muda mrefu. Hakuhitaji mganga wala daktari wa kumwambia. Alikuwa ameanza kuwashwa tangu mwaka uliopita na kujidanganya kuwa ni jasho na sabuni ya magadi. Madoa ya miguuni nayo alikuwa ameyaona. Ili kuyaficha alinunua soksi ndefu za mitumba, akazivuta mpaka magotini. Vijana wa Songea walidhani ni mtindo wa Dar es Salaam. Haukupita muda, kila kijana aliyecheza mpira alikuwa amevuta soksi hadi magotini, na Sixbert alipowaona njiani aligeuza uso.

Mtu atauliza: aliwezaje kucheza? Aliweza kwa kukumbuka. Alijua kila mwenzake anapenda kusimama wapi. Alisikiliza raba zikikwaruza saruji. Alijifunza kugeuza bega ili kichwa kigeuke bila kuonekana kimegeuka. Watazamaji walisema Kisogo amepata madoido mapya uzeeni. Na zaidi ya yote, aliweza kwa sababu ya Chande.

Chande Bakili alikuwa kijana wa Kiyao kutoka Tunduru, mtoto wa mkulima wa korosho, mwembamba, mwenye miguu ya swala. Alicheza pembeni, kushoto. Bashiru alikuwa amemleta akae chumba cha uani kwa Sixbert, na Noela alimpenda kwa sababu aliteka maji bila kuambiwa. Kwa heshima alimwita Sixbert achimwene, yaani kaka kwa lugha ya kwao.

Siku moja walikuwa wanatoka Mshangano kwenda mjini kwa miguu. Baiskeli yenye mzigo wa mkaa ikatoka nyuma kwa upande wa kushoto, ikipiga kengele, na Sixbert akaiingilia njia. Chande alimvuta mkono. Gunia likamkwaruza bega. Mwenye baiskeli akatukana akaendelea.

“Achimwene, hukuiona?”

“Niliiona.”

“Kengele ilipigwa sana.”

“Nimesema niliiona, Chande.”

Walitembea mpaka karibu na soko, ndipo Chande akasema, kama anayezungumza na barabara, “Kwetu mtoni wapo wazee wa hivyo. Babu yangu alikuwa hivyo.” Kuanzia siku ile Chande alitembea upande wake wa kushoto, na uwanjani, kila alipokuwa tayari kupokea mpira au anapita karibu, alisema neno moja kwa sauti ya chini: “Nipo.” Sixbert akilisikia aliachia mpira uende kwenye sauti. Uwanja mzima ukapiga makofi. Hawakukaa chini hata siku moja kukubaliana. Lilianza lenyewe, likawa kama kwamba limekuwepo siku zote.

Noela alijua. Mwanamke anayetunga uzi kwenye sindano kila siku hawezi kukosa kuona mume anayepapasa. Alisubiri aambiwe. Alipoona haambiwi, alimwandikia Aurelia, dada mkubwa wa Sixbert aliyebaki kijijini kumtunza baba yao.

Aurelia alikuja na mfuko wa karanga na kuku mmoja. Hakupoteza muda kwa salamu ndefu.

“Mlongo wangu,” alisema, kama ndugu wanavyoitana kwao, “vua soksi.”

“Dada, umefika sasa hivi. Pumzika kwanza.”

“Vua.”

Hakuvua. Aurelia alikaa mkekani, akamtazama kwa macho mekundu ya mtu aliyezoea moshi. Akaeleza kwamba wataalamu wa afya wameanza kufika Litundila. Wanasema ni wale usubi, wanaacha minyoo mwilini, na minyoo ndiyo inayokwenda machoni. Wanatoa vidonge bure. Haviwezi kurudisha macho yaliyokwisha kwenda, lakini vinazuia. Watapita tena mwezi ujao.

“Njoo umeze,” alisema. “Baba anakuulizia.”

“Mwambie sijambo.”

“Mimi nimwambie uongo kipofu?”

“Dada, hapa mjini kila mtu ananijua. Nikionekana kwenye mstari wa vipofu, habari zitafika Tunduru kabla sijameza. Gadi asiyeona ni nini? Tumalize fainali kwanza. Baada ya fainali nitakuja.”

“Mficha maradhi, kifo humuumbua.”

“Si kifo, dada. Ni macho.”

Aurelia alisimama, akajifunga khanga yake upya. “Wewe unadhani jambo hili litakuumbua wewe,” alisema. “Si lazima uwe wewe.” Alilala usiku mmoja akaondoka na basi la asubuhi, na kwa siku nyingi Sixbert aliyakumbuka maneno hayo kila alipovuta soksi.

Fainali ya kombe la kusini ilichezwa Songea, dhidi ya Mtwara. Bashiru aliwaleta watu wa Tunduru kwa malori. Wangoni wa vijiji vya jirani walikuja na ngoma zao, na kingo zote za uwanja wa saruji zikajaa mpaka kwenye mfereji wa maji ya mvua uliokuwa hatua chache tu kutoka kwenye mstari. Mchezo ulipangwa uanze alasiri. Lakini mvua ilinyesha bila kutarajiwa, ikasimama, ikaanza tena. Ilipokatika, vijana wakafagia maji kwa matawi. Waamuzi wakatazama juu. Jua lilikuwa limeanza kushuka nyuma ya mawingu.

Noela alipenya hadi kwenye benchi. “Giza linakuja,” alimwambia mumewe. “Sema umeumia goti. Sema chochote.”

“Kuna mwanga wa kutosha.”

“Kwa nani?”

Refa mmoja alipendekeza waahirishe hadi kesho. Bashiru alitabasamu, akanyanyua mikono kuwaonyesha umati. “Mzee wangu, watu hawa nitawalaza wapi? Inshallah tutamaliza mapema.” Wakaanza.

Kipindi cha kwanza kilikwenda. Chande alisema “Nipo” na mpira ukamfikia. Akafunga, akafunga tena. Kipindi cha pili Mtwara waliongeza kasi na ngoma zikaongeza kelele. Kila Yakuti walipofunga, watu wa Tunduru walipiga madebe. Sixbert aliona dunia ikijikunja. Mbele yake palikuwa na pete na ubao na shati jeupe la mpinzani. Pembeni, kote, ilikuwa ukungu wa rangi ya majivu. Akaanza kutoisikia sauti ya Chande. Mara mbili pasi zake zilikwenda kwa hewa tupu, na umati ukaguna.

Zikiwa zimebaki dakika chache, Mtwara wakiongoza kwa pointi moja, Sixbert alipokonya mpira. Mbele palikuwa wazi. Mlinzi wa Mtwara akaja kutokea kulia, na Sixbert akafanya alichokifanya maisha yake yote: akajigeuza kwa nguvu kwenda kushoto, bega mbele, kwa kasi yake yote.

Chande alikuwa hapo. Alikuwa anakimbia sambamba naye, mdomo wazi, anaita. Baadaye wote waliokaa upande ule walisema walimwona akiita. Hakuna aliyemsikia, kwa ngoma.

Bega la Sixbert lilimkuta kijana kifuani, hewani. Chande alirushwa nje ya mstari, akaangukia ukingo wa mfereji na mguu mmoja chini yake. Sauti ilisikika hata juu ya ngoma, kama ukuni unaovunjwa gotini. Kisha ngoma zikanyamaza, moja baada ya nyingine, na kikasikika kilio chake.

Sixbert alisimama na mpira mkononi. Kwanza hakujua amemgonga nani. Ilimbidi ageuze kichwa chote, polepole, mpaka akaona jezi ya buluu kama yake mwenyewe.

Walimbeba Chande kwenye gari la Bashiru, likaondoka likipiga honi. Halafu, kwa kuwa mchezo ni mchezo na giza linakuja, refa akapuliza filimbi. Bashiru alimshika Sixbert mabega. “Maliza,” alimwambia. “Mfanyie Chande.” Akarudi uwanjani. Miguu ilikwenda yenyewe. Mpira wa mwisho ulimkuta katikati, pete ikiwa mbele yake moja kwa moja, ndani ya kile kijitundu kilichobaki. Akaurusha ukaingia. Yakuti wakawa mabingwa. Watu walimwinua mabegani wakamzungusha uwanja mzima wakiimba jina lake, naye huko juu alikuwa haoni kitu ila mbingu.

Kesho yake alikwenda hospitali. Mzee Bakili, baba yake Chande, alikuwa amefika kwa lori la usiku. Alikaa kando ya kitanda, kofia mkononi. Chande alilala, mguu umefungwa kwa mbao, uso umekauka.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye Sixbert? Mwanangu kakusifu kila barua. Umemlisha, umemlaza kwako. Allah akulipe.”

Sixbert alibaki amesimama. “Mzee, mimi ndiye niliyemvunja.”

“Nimeambiwa. Ni mchezo. Yaliyoandikwa hayafutiki.”

“Si mchezo. Sikumwona. Upande huu sioni, mzee. Nina miezi mingi sioni, na nilijua, na nikacheza.”

Mzee Bakili alimgeukia mwanawe, akamuuliza kitu kwa Kiyao. Chande alifumba macho, akatikisa kichwa kukubali. Mzee akavuta shuka, akalitengeneza juu ya kifua cha kijana kama anayefunika mtoto mchanga.

“Nenda, mwanangu,” alisema, bila ukali. “Niache na mtoto wangu.”

Alipotoka akamkuta Bashiru nje, amekaa ndani ya gari, mlango wazi. Sixbert akamweleza yaleyale. Alitegemea hasira. Bashiru alisikiliza huku akihesabu tasbihi, kisha akauliza, “Umemwambia nani mwingine?”

“Mzee Bakili.”

“Huyo atarudi kwenye korosho zake. Basi liishie hapo. Nina kijana mmoja Masasi, anacheza kushoto. Ana sauti kubwa kuliko ya Chande. Mwezi ujao nitamleta akae kwako.”

Sixbert akashika mlango wa gari. “Sauti?”

“Sauti.”

“Ulijua.”

“Ndugu yangu, kazi yangu ni kutazama mawe,” alisema Bashiru kwa upole uleule. “Jiwe lenye doa nalijua hata likiwa ndani ya tope. Lakini jiwe lenye doa nalo lina mnunuzi wake, ukijua namna ya kuligeuza kwenye mwanga. Watu wanakupenda. Tutakuwa tunacheza mchana tu, uwanja wa nyumbani. Bado una misimu.”

“Na huyo wa Masasi naye akivunjika?”

Bashiru hakuona haya. Alionekana kama anayesikia swali la mtoto. “Vijana hawakosekani, Sixbert.”

Hapo ndipo Sixbert alipoogopa kweli. Upofu alikuwa ameuogopa maisha yake yote, akauzoea, kama mtu anavyomzoea mbwa mkali wa jirani. Lakini hakuwa amewahi kufikiri kwamba angeweza kuendelea. Kwamba hakuna mtu atakayemzuia, umati utaimba, na kushoto kwake watakuwa wanapangwa vijana, mmoja baada ya mwingine, wa kuita mpaka waangushwe. Akamwambia Bashiru, “Mtafutie huyo kijana gadi mwingine.” Akaenda zake kwa miguu hadi Mshangano, akishika ukingo wa barabara.

Wataalamu waliporudi Litundila alikuwa kwenye mstari, bila soksi. Walimsimamisha kwenye kijiti kilichochorwa alama, wakampima urefu, wakampa vidonge vyake. Watu walimtambua. Mmoja akasema, “Si Kisogo yule?” na mwingine akamwambia nyamaza. Usiku ule na siku iliyofuata dawa ilimvimbisha mwili, uso ukawa kama wa mtu aliyeumwa na nyuki, akawashwa mpaka akalia. Aurelia alimkanda kwa maji. Mzee Athanasi alisogea kwa kupapasa, akaweka kiganja chake juu ya paji la uso wa mwanawe.

“Dada yako aliniambia uko mzima,” alisema.

“Nilimtuma aseme hivyo, baba.”

“Nilimjua anadanganya. Lakini nilipenda kusikia.” Akaacha mkono pale. “Nilimshukuru Mungu siku Fransisko alipokuchukua. Nilisema, huyu mmoja mto haujampata.”

Chande hakucheza tena. Mguu uliunga vibaya, ukabaki umepinda, na ingawa walijaribu mara ya pili haukunyooka. Alirudi Tunduru, akaoa binti aitwaye Zena, akafungua kibanda cha kuuza sururu na machujio kwa wachimbaji. Kijana wa Masasi alikuja, akacheza na gadi mwingine, lakini timu haikufika mbali. Mawe yalianza kuwa haba, wageni wakasikia kuna vito Madagaska, wakafungasha taa zao. Bashiru akawafuata. Timu ya Yakuti ikafa bila tangazo, na uwanja ukarudi kuwa wa kuanikia mahindi.

Sixbert na Chande walionana mara moja tu. Sixbert alikuwa stendi ya Songea akisubiri mzigo wa dagaa wa Nyasa aliotumiwa Noela. Mtu akamwamkia kwa karibu, “Hujambo, achimwene,” naye akageuka. Chande alikuwa amezunguka na mguu wake ule, akaja kusimama upande wa kulia. Walizungumza habari za korosho, na za watoto. Sixbert alitaka kusema jambo. Chande akawahi kusema, “Basi langu linaondoka,” ingawa dereva alikuwa bado anakula.

Daktari wa misheni alimweleza kwamba dawa aimeze kila mwaka bila kukosa. Minyoo ingezuiwa, lakini sehemu iliyokwisha kufa ndani ya jicho haitarudi. Pengine upofu utasimama hapo. Pengine utasogea kidogo kwanza. Hakuna aliyeweza kumwahidi.

Kwa hiyo alijitafutia namna ya kujua. Jioni, kabla jua halijazama, alikaa kwenye kigoda mlangoni akitazama mgomba ulio mbele ya nyumba, bila kugeuza kichwa. Noela aliporudi kutoka kwenye cherehani, akipita pembeni kufuata ukuta, Sixbert alikuwa anasubiri kuona atatokea wapi. Kwa miezi mingi alitokea palepale, sawa na tofali lililomeguka la kona. Sixbert alikuwa anasema, “Nimekuona,” na Noela anacheka, na wanaingia ndani kula.

Mwaka ambao mazungumzo yote yalikuwa ya kuingia karne mpya, alikaa mlangoni jioni moja kama kawaida. Alitazama mgomba. Upepo ulikuwa mdogo, na majirani walikuwa wanatwanga. Alisubiri, akaanza kuwaza kwamba leo Noela amechelewa, labda kuna sare za shule za kumalizia. Rangi ya mgomba ilianza kufifia. Akasema, kwa sauti, kama mtu anayejisemea mwenyewe, “Mama huyu leo kapatwa na nini?”

“Nipo hapa,” Noela alijibu, karibu sana na bega lake.

Sixbert hakugeuka. “Umefika saa hizi?”

Noela akashusha kapu lake chini, akakaa kando yake, akamshika mkono.

“Nimefika muda,” alisema. “Nilikuwa nangoja uniite.”